Majaketi Themanini ya Kisangani

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimepata oda ambayo hakuna fundi wa Mtaa wa Likoma hapa Dar amewahi kuipata. Laifu jaketi. Themanini! Naandika hapa kwa sababu nikisema kwa mdomo watasema Mama Vicky ana majigambo. Ni kweli ninayo. Lakini daftari halinuni.

Aliyeleta oda ni Papa Safari, Mkongomani wa Kisangani, yule anayenunua mikoba yetu ya shule kila baada ya miezi minne. Mtu mrefu, mpole, suruali yake ina mstari wa pasi hata siku ya jua la kuua. Amenunua kwangu miaka sita na hajawahi kulalamikia zipu hata moja. Leo hakutaka mikoba. Ana boti mbili za mbao zenye injini, zinashuka Mto Kongo kutoka Kisangani hadi Bumba na Lisala. Zinabeba mizigo, na watu juu ya mizigo. Mwaka jana boti ya jirani yake iligonga gogo ikapinduka. Shemeji yake alikuwemo na watoto wawili. Hawakupatikana. Tangu hapo, anasema, akiwaona watu wanapanda boti yake chakula hakipiti kooni.

Majaketi ya kutoka nje yapo madukani, ameyazunguka yote siku mbili. Mengine bei haishikiki. Mengine ukiyabonyeza unasikia makaratasi ndani. Ndipo akapanda ngazi za karakana yangu. Akasema: "Mama, mimi mkono yako ninaujua."

Ningekataaje? Nimeshona mikoba, maturubai, viti vya mabasi, mfuko wa gitaa, hata koti la mbwa wa mama mmoja wa Masaki. Laifu jaketi ni kitu gani? Kizibao chenye sponji. Nimempa siku nane.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi Ilala kwa Bakili, muuza sponji. Huyu ni mtu wa Masasi, tumetaniana tangu ana meza moja barabarani. Kaniona napapasa sponji ngumu ya makochi, ile ya daraja la kwanza, akadhani nimepata kazi ya sofa. Sikumwambia ni ya nini. Biashara ya mtu isimwagwe Ilala, kesho utaikuta kwa mafundi kumi. Nilimwambia tu kwamba nataka isiyobonyea. Akasema hiyo hata akikaa mjomba wake haibonyei.

Mchana nikachora patroni kwenye gazeti. Hyasinta akakata. Huyu ndiye fundi wangu mkuu, kutoka Songea, mwaka wa kumi na moja tuko naye. Haongei, ila mshono wake ukiuvuta utachanika kitambaa kwanza. Nje turubai la rangi ya machungwa, ndani sponji, mikanda mitatu ya nailoni na bakoli za plastiki za kubania mikanda. Saa tisa sampuli iko tayari. Nzuri! Nimeivaa nikajitazama kwenye kioo cha ngazini kama askari wa zimamoto.

Kwangu kitu hakitoki bila majaribio. Mkoba mpya unaning'inizwa ukutani na kilo ishirini za mchele. Kwa hiyo tumelifunga jaketi kwenye pasi yetu ya zamani ya mkaa, nzito ile, tukalitumbukiza kwenye pipa la uani. Sasa muda. Nikafikiria kivuko cha Magogoni. Kutoka huku hadi Kigamboni dakika ngapi? Saba, nane. Mtu akianguka katikati, hata wakizubaa, dakika kumi wameshamvuta. Nikaweka kumi na tano ili nisiitwe bahili.

Limeelea. Pasi inaning'inia chini, jaketi juu, mabega makavu kabisa. Vijana wa duka la chini wamepiga makofi. Hyasinta akasema mkoba huwa tunauacha ukutani hadi kesho yake. Nikamwambia mkoba ni mkoba.

Jumamosi, 12 Aprili

Mashine tano zinalia tangu saa moja. Papa Safari alikuja kuangalia, akaombwa akae, akakaa hadi jioni. Mtu wa maji hajui kukaa bure. Mara akachukua chaki ya Hyasinta, akauliza kama anaweza kuchafua kona ya meza ya kukatia. Akaanza kuchora mto.

Alianzia chini, pembeni, kwenye jimbo la Katanga linalopakana na Zambia. Huko mto unaitwa Lualaba, akasema, na unapanda kwenda kaskazini kama mtu anayekwenda Sudan. Unapita Kindu. Unafika Ubundu. Hapo ikaja mistari mifupi saba ya chaki: maporomoko saba, moja baada ya jingine, hakuna boti inayopita. Mizigo inashushwa, inapandishwa treni, inakuja kushushwa tena Kisangani. Baada ya hapo ndipo ukawa mto hasa. Chaki ikakunja kushoto, ikapinda upinde mkubwa, ikavuka ikweta mara ya pili, ikashuka Mbandaka, ikafika Kinshasa. Halafu maporomoko tena, halafu bahari — siyo yetu, ile nyingine ya magharibi. Meza haikutosha. Bahari imeangukia kwenye stuli.

Nikapima kwa futi kamba, kutoka Kisangani hadi Kinshasa sentimita tisini na mbili. Kiukweli, akasema, ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia saba. Hiyo ni Dar hadi Mwanza na kurudi karibu nusu ya njia. Hakuna daraja hata moja njia nzima! Barabara ya gari nayo ni ya kubahatisha, msitu umeila. Kwa hiyo mto ndiyo barabara. Ndiyo soko pia. Boti haisimami, wanavijiji wanatoka msituni na mitumbwi, wanakuja kuifunga ubavuni ikiwa inatembea, wanauza samaki wa kukaushwa kwa moshi, mihogo, ndizi, viwavi, na wananunua chumvi, sabuni, vitenge, madaftari. Wakishamaliza wanafungua kamba na kuanza kupiga kasia kurudi kwao, pengine siku nzima. Anasema kuna mwalimu mmoja chini ya Bumba anangoja boti yake ndipo apate chaki. Na mikoba yangu ipo huko! Watoto wanaibeba ndani ya mitumbwi. Sikulijua hilo. Nilifurahi mpaka nikawanunulia mafundi wote soda.

Nikampigia Vicky, binti yangu, anafundisha jiografia sekondari ya Ilala. Nilitaka kumkomesha Papa Safari. Hakukomeka. Vicky kasema kila neno ni kweli, na kaongeza: mto ule una kina kirefu kuliko mto wowote duniani, na haukauki kwa sababu umekaa pande mbili za ikweta. Mvua ikiisha huku inaanza kule, kila wakati kuna mito inayouletea maji. Ubangi, Kasai, Lomami. Anaijua kama majina ya shangazi zake. Nimemlipia ada kwa haki.

Kisha Hyasinta, ambaye haongei, akauliza. Mtu akianguka huko, anaokotwa baada ya muda gani? Papa Safari akaweka chaki chini. Akasema kuna mahali upana wa mto unafika kilomita kumi, na visiwa katikati, unasimama huku ng'ambo huioni. Ukingo wenyewe hauna ardhi, miti imesimama ndani ya maji. Kijiji kikiwa karibu mtumbwi utakuja. "Kama ni msitu tu, unangoja boti ingine. Masaa. Ao usiku muzima."

Nikamwambia maji ni maji. Akacheka. Tukaendelea na mikanda. Bakoli nyeusi zimepungua, Jumatatu ziletwe sitini.

Jumatatu, 14 Aprili

Hamsini na mbili tayari. Hyasinta alitaka tuliweke moja kwenye pipa na kuliacha hadi kesho. Sikukataa kwa ubaya. Maji ni ya mgao wiki hii, pipa lile ndilo la kufulia, la kupikia, la kila kitu. Na nilishalijaribu mbele ya watu. Kitu kikishafaulu kimefaulu. Mimi sishoni kwa wasiwasi. Fundi mwenye wasiwasi anashona mara mbili na kuharibu mara tatu.

Hyasinta kaenda kuifuta meza. Mto wote umeondoka na kitambaa kibichi, kasoro Kinshasa.

Jumatano, 16 Aprili

Themanini! Siku nane, kama nilivyosema. Marobota manne, yamefungwa kwa kamba za katani, yamepakiwa kwenye lori la Kigoma saa kumi. Huko meli ya kuvuka ziwa hadi Kalemie, treni hadi Kindu, boti hadi Ubundu, treni tena, Kisangani. Njia ya juu, ya kupitia kaskazini, haipitiki siku hizi kwa ajili ya vita. Papa Safari anasafiri na mzigo wake.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema watu wa Kisangani wameshasikia, kuna akina mama waliokuwa wameapa hawapandi tena boti, sasa wanamngoja yeye. Miaka ishirini na mbili nashona vitu vya kubebea vitu. Hiki ni cha kubebea watu.

Nimebaki na ile sampuli. Nimeitundika mlangoni, wateja waione.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ibada ndefu, magoti yanauma. Nimemwombea msafiri. Nimejiombea oda nyingine kama ile, Mungu anisamehe siku yenyewe ni leo.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua tangu juzi. Mimi nakaa Magomeni, na barabara ya Jangwani ya kuja kazini ilikuwa imefungwa asubuhi, magari yote yamegeuzwa. Saa tano maji yakapungua, nikavua viatu nikavuka na wengine kwa miguu.

Watu wa bondeni walikuwa wanatoa vyombo. Wanaume wanne wamebeba godoro. Wanne! Godoro la futi nne, la sponji, ambalo dukani mama mmoja analiweka kichwani na mkono mmoja anachati. Maji yanachuruzika kama limetobolewa. Wakashindwa, wakaliachia, likalala kwenye dimbwi na kuzama hapohapo. Nilikuwa nawapita. Kisha nikaona ndala. Mia, mia mbili, za rangi zote, upande mmoja mmoja bila wenzake, zote ziko juu. Maji yale yamelala pale tangu juzi. Ndala hazijazama hata moja.

Nilisimama katikati ya njia. Mtu akanipiga kikumbo, akaniuliza kama nimepotea.

Sponji ya kochi na sponji ya godoro ni ndugu wa tumbo moja. Hilo silihitaji kufundishwa, nimezikata zote mbili nusu ya maisha yangu. Ila turubai langu halipitishi maji. Halipitishi. Kesho asubuhi naingiza sampuli kwenye pipa nikalale vizuri.

Jumatano, 23 Aprili

Saa mbili kamili. Limeingia, na pasi chini. Linaelea vizuri sana. Nimemwambia Hyasinta aone.

Saa nne. Bado. Nimekunywa chai.

Saa tano. Limelala upande kidogo. Pengine ni fundo.

Saa sita. Mabega yamelowa. Fundo liko sawa.

Saa saba. Kola tu ndiyo inaonekana.

Saa nane kasoro robo. Limekwenda. Halikupiga kelele yoyote. Nilikuwa nimegeuka kumjibu mteja wa zipu, nikageuka tena, pipa ni maji matupu.

Tumelitoa mimi na Hyasinta. Zito kama mtoto wa mwaka. Nikalikamua, likatoa maji kwenye mishono — kila tundu la sindano. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kutoboa matundu, na sikuyafikiria. Turubai halipitishi maji mpaka mimi nilipolishona.

Karibu masaa sita. Magogoni ningekuwa shujaa. Kule ni masaa, au usiku mzima. Aliniambia mwenyewe, nimekaa pale, nikaandika humu kwa mkono wangu, halafu nikaandika bakoli sitini. Na siyo kwamba limeshindwa kumwinua mtu tu. Limejaa maji, limefungwa mwilini kwa mikanda mitatu ambayo nilijisifu kwamba haifunguki ovyo. Nimeogopa. Sijawahi kuogopa kitu nilichokishona.

Simu yake haipatikani. Nimepiga mara tisa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimempata! Yuko Kalemie, ameshuka melini, anangoja treni. Haijulikani itaondoka lini, kesho au wiki ijayo.

Nilikuwa nimejipanga. Nikamsalimia, nikamuuliza ziwa lilikuwaje, nikamuuliza mgongo wake baada ya lori lile. Kisha nikamwambia kwamba nimeendelea kuifikiria ile kazi yake na nimepata namna ya kutengeneza bora zaidi, kwa povu la kisasa, na namshonea mengine themanini bila malipo, hayo aliyonayo ayahifadhi kwanza. Nilisema hivyo. Ayahifadhi kwanza. Akashukuru sana. Akasema hajawahi kuona mfanyabiashara wa namna yangu, akanibariki mimi na watoto wangu. Nami nikaitikia amina.

Nilikata simu. Hyasinta alikuwa anatia uzi kwenye mashine.

"Mama, hujamwambia."

Nilimjibu kwamba nimemwambia asiyatumie, yatosha, mtu hakabidhiwi hofu akiwa safarini. Nikamtuma uzi ambao hatukuuhitaji.

Neno lenyewe ni "yanazama". Silabi nne. Nimesema maneno dakika kumi na moja na hilo sikulisema. Nilitaka jina langu libaki vilevile kwenye simu yake. Hapa naweza kuandika hivyo.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, lakini Bakili alinifungulia. Mara hii nilimwambia kila kitu. Alinisikiliza amesimama, hakutania hata mara moja, na kwa Bakili hilo ni kubwa. Akasema ningemwambia tangu mwanzo kwamba ni ya majini asingeniuzia, mtoto yeyote wa Ilala anajua sponji inakunywa. Nilikuwa nimemficha nisiibiwe wazo! Nikataka ardhi ipasuke.

Kisha akaniongoza nyuma ya soko, kwa mzee Mwinyimvua anayekata ndala. Ana shiti za lile povu la ndala, unene wa kidole, upana wa meza. Ukilikata limefungamana ndani, halina vitundu. Nimechukua shiti zote. Alipomwona mwanamke wa Kichaga anatafuta kuelea, Bakili utani ukamrudia: Mchaga maji anayajua yakiwa pombe ya mbege tu. Nikacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe. Na ni kweli, mimi kuogelea sijui. Maji yangu yote ni ya ndoo.

Tabaka tatu za povu, na kila mshono tumeupaka gundi ndani na nje. Limeingia pipani saa kumi jioni. Pasi, na nimeongeza jiwe.

Jumanne, 29 Aprili

Siku tatu! Linaelea. Nimelikandamiza kwa mikono miwili, linarudi juu kama limekasirika. Hyasinta amelitoa, amelipasua kwa wembe katikati, tukaangalia ndani. Kavu kabisa.

Mimi Mektilda nimerudi. Majirani tumechota maji kwao siku tatu, wamenuna, nitawapikia pilau. Mashine zote tano kazini kesho, na keshokutwa Mei Mosi pia, atakayekuja nitamlipa mara mbili.

Ijumaa, 2 Mei

Arobaini na sita. Mikono ya Hyasinta ina gundi hadi kwenye kiwiko. Povu hili gumu kwa sindano, zimevunjika kumi na nne. Tunaimba.

Papa Safari hapatikani. Ina maana treni iliondoka.

Jumanne, 6 Mei

Marobota manne mapya yameondoka kwenda Kigoma. Moja la hayo mapya lilibaki pipani, siku ya saba sasa, nalisalimia asubuhi.

Vicky alikuja jioni. Alitandaza ramani kwenye simu akanionyesha reli kutoka Kalemie hadi Kindu. Ni mstari mwembamba katikati ya kijani tupu. Kasema treni hiyo huweza kuchukua wiki nzima au zaidi, na njiani hakuna mtandao. Mzigo wangu mpya ukipata meli mapema, utamkuta Kisangani hajaanza hata kuwafungulia watu. Hesabu imekaa vizuri sana. Niliisikia ikikaa.

Akauliza kama Papa Safari anajua kwa nini natuma mengine. Nikasema anajua. Hyasinta alikuwa anafagia. Fagio lilisimama, likaendelea.

Jumamosi, 10 Mei

Haipatikani.

Nimepata oda ya mikoba mia mbili ya shule ya Tabata. Nimeipokea bila furaha, mteja akadhani bei imenikera.

Jumatatu, 12 Mei

Saa mbili na dakika kumi simu iliita kengele ya ujumbe, nikiwa napanda ngazi. Papa Safari! Picha mbili na sauti.

Nikafungua picha nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Kindu. Ukingo wa mto, tope jekundu, maji ya rangi ya chai yanaenda hadi mwisho wa picha. Boti ndefu ya mbao, siyo yake. Magunia, baiskeli, mbuzi, madumu ya mafuta, na juu ya vyote watu. Wamevaa majaketi yangu. Rangi ya machungwa kila mahali. Wanawake, wazee, watoto wadogo waliofungwa mikanda yote mitatu, lebo yangu vifuani mwao. Wamenyoosha vidole gumba kwa fundi wa Dar.

Nikasikiliza sauti. Ana furaha, nyuma yake kuna injini. Anasema walifika jana. Anasema yale mapya yatakuwa ya watu wake wa Kisangani, lakini aliona ni vibaya haya yalale kwenye robota wakati watu wanapanda mikono mitupu, na hadi Ubundu ni siku tatu juu ya maji. Amewagawia wote. "Kapiteni alitaka kubeba watu makumi ine. Sasa ameongeza, ni makumi munane. Hakuna tena mutu anaogopa. Mungu akubariki, Mama."

Niliketi hapohapo kwenye ngazi. Vijana wa mizigo wananiruka na maboksi.

Arobaini wangekwenda na kuogopa kwao, wameshika mbao, wameangalia maji. Mimi nimewaongezea arobaini wengine na nimewaondolea woga wote.

Nikapiga. Haipatikani. Nikarudia. Haipatikani. Nikabonyeza sauti, nikasema, na mara hii sikuuliza habari za mgongo. Nilisema: "Papa Safari, majaketi niliyokuuzia yanazama. Yanaelea masaa sita, kisha yanakunywa maji na kumvuta mtu chini. Nilijua tangu ulipokuwa Kalemie na sikukwambia, niliona aibu. Wavueni wote sasa hivi. Wafungieni madumu matupu, punguzeni watu, au msiondoke."

Ikaenda. Alama moja tu. Haijafika.

Hyasinta alinikuta ngazini. Nimempa simu asikilize. Ameisikiliza hadi mwisho, akakaa kando yangu, bega kwa bega, jambo ambalo miaka kumi na moja hajawahi kulifanya. Hakusema kitu kuhusu Kalemie. Kauliza tu boti inaondoka saa ngapi. Sijui. Injini inasikika kwenye sauti yake, lakini injini wanaweza kuiwasha mapema ili ipate moto. Inawezekana bado wanapakia. Watu wengi hivyo kupakia kunachukua muda. Na yeye ana mazoea ya kuaga mtu mmoja mmoja.

Saa tatu kasoro dakika tano. Alama moja.

Nimepiga mara ya kumi na mbili. Nimeweka simu kwenye goti, spika, naandika kwa mkono mwingine. Kimya kirefu. Hyasinta amenishika kanga.

Inaita.